Barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu ya awali: walimu wafundishwe kuimbisha

Kwa: Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, TAMISEMI, Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), wakuu wa vyuo vya ualimu, wathibiti ubora wa shule

YAH: NYIMBO NA MUZIKI KATIKA MADARASA YA AWALI

Waheshimiwa,

Ni vigumu kupata darasa la awali nchini lisiloimba. Watoto huimba wakipanga mstari, wakinawa mikono kabla ya uji, wakihesabu, wakimpokea mgeni, wakisubiri kengele ya kwenda nyumbani. Kwa hiyo hatuandiki kuomba nyimbo ziletwe shuleni. Zipo. Tunaandika kwa sababu nyingi zinaimbwa bila kufundishwa: mwalimu anaanza kwa sauti yoyote iliyomjia, watoto wanadakia kwa kelele, wimbo unakwisha, kipindi kinaendelea. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, kama ule wa 2016 uliotangulia, unamtaka mwalimu wa awali afundishe kwa nyimbo na michezo, nasi tunauunga mkono. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha mwalimu huyo namna ya kumwimbisha mtoto wa miaka 4 au 5, na hilo liko ndani ya uwezo wenu.

Tuanze na sauti, maana huko ndiko mengi yanakoharibikia. Mtoto wa umri huu huimba vizuri kati ya noti ya D iliyo jirani juu ya C ya katikati ya kinanda na A inayofuata juu yake. Kwa waliolelewa kwenye sol-fa za kwaya, ni do mpaka so katika ufunguo wa D. Chini ya hapo mtoto haimbi tena, anasema tu. Akipandishwa mbali zaidi ya hapo, wengi hukaza koo na kupiga yowe. Sasa, mwalimu mwanamke akianza wimbo kwa sauti yake ya mazungumzo, huangukia karibu na G au A ya chini, na darasa zima hubaki linanguruma. Mwalimu mwanamume ana shida nyingine: hata akiipata D, yake hutoka oktavu nzima, yaani noti nane, chini ya ile ya watoto, na mtoto ambaye bado hajajua kuhamisha sauti hujaribu kumfuata kule kule chini asikoweza kufika. Dawa ni mwanamume kuimba kwa sauti yake nyembamba ya juu, au kumpa mtoto mmoja mwenye kushika tuni aanzishe.

Kuipata hiyo D hakuhitaji kununua chombo. Programu za kinanda za bure zipo kwenye simu. Asiye na simu ya namna hiyo achukue chupa ya soda ya kioo, apulize juu ya mdomo wake, na aongeze maji kidogo kidogo, kwani maji yakiongezeka sauti hupanda. Mara nyingi D hupatikana chupa ikiwa karibu nusu. Ailinganishe mara moja na kinanda cha kanisani au cha simu ya mwenzake, apige alama kwa rangi ya kucha mahali maji yalipofika, basi amepata chombo cha mwaka mzima. Maji hukauka, kwa hiyo kila Jumatatu ayarudishe kwenye alama.

Lipo pia lile agizo tunalolisikia kila mahali: “Kwa nguvu! Sisikii!” Mwalimu hulitoa kwa nia njema, akitaka uchangamfu. Mtoto hulitekeleza kwa namna pekee anayoijua, yaani kupayuka, na akishapayuka hasikii tena tuni ya mwenzake wala yake mwenyewe. Kuimba kwa pamoja hujengwa na sikio, na sikio halifanyi kazi ndani ya kelele. Koo nalo huumia, la mtoto na la mwalimu, ambaye ana vipindi vingine vya kusema siku hiyo hiyo. Badala ya agizo hilo, mwalimu afundishe wiki za mwanzo kwamba mtu ana sauti nne: ya kunong'ona, ya kusema, ya kuita mtu aliye mbali, na ya kuimba. Neno moja, tuseme jina la siku, lipitishwe katika sauti zote nne, moja baada ya nyingine, kila asubuhi kwa dakika 2. Kisha watoto waige king'ora kwa “uuu” kikipanda na kushuka taratibu, wakifuata kidole cha mwalimu hewani. Zoezi hili la king'ora ndilo humfungulia sauti ya juu yule mtoto anayeimba kila wimbo kwa noti moja. Kabla ya kumwita hana kipaji, apewe wiki 6 za king'ora.

Wimbo mpya nao una mpangilio wake. Uwe mfupi: mistari 4, kila mstari usizidi silabi 8, na noti zake ziwe chache. Nyimbo nyingi za michezo ya watoto husimama juu ya so, mi na la tu. Mwalimu auimbe wote mara 2, watoto wakisikiliza huku wamepewa kazi moja, kwa mfano kugusa magoti kila wanaposikia jina la mnyama. Bila kazi hiyo hawatasikiliza, watajaribu kuimba wasichokijua. Kisha afundishe kiitikio kwanza na ayabakize maneno ya kiongozi kinywani mwake. Huu ndio mtindo wa ngoma zetu karibu zote, wa kuongoza na kuitikia, na unamfaa mtoto mdogo kwa sababu anapewa kipande kidogo kinachojirudia na muda wa kuvuta pumzi kati ya kipande na kipande. Kosa linaloenea ni kufundisha maneno kwanza kwa “semeni baada yangu”, halafu kuvisha tuni baadaye. Maneno yakishaingia bila tuni, watoto wataendelea kuyasema. Maneno na tuni viingie pamoja.

Dakika 5 hadi 7 zinatosha kwa siku ya kwanza. Kesho yake urudiwe, na keshokutwa. Siku ya nne mwalimu aanzishe kisha afunge mdomo. Wimbo ukianguka kwenye mstari wa tatu, basi mstari wa tatu ndio haujaingia, na afundishe huo tu. Mwalimu anayeimba pamoja na watoto muda wote hawezi kulijua hilo, kwa sababu sauti yake inaziba mashimo. Wimbo mpya mmoja kwa wiki ndio mwendo unaofaa, na nyimbo za zamani zirudi humo humo.

Kuhusu mwendo, watu wazima hudhani polepole ni rahisi. Kwa mtoto wa miaka 5 si hivyo. Mwili wake una kasi kuliko wetu, na mapigo yanayomkaa ni kama 120 kwa dakika, yaani 2 kila sekunde. Ukimpunguzia mwendo sana, makofi yake yanatangulia na wimbo unachanika. Kumuanzisha nako kuna namna: mwalimu aimbe “tu-im-be sa-sa” kwa noti na mwendo ule ule wa wimbo unaokuja. “Moja, mbili, tatu!” ya kupaza haimwambii mtoto aanzie noti gani.

Tunafika kwenye jambo linalogusa usomaji, na hapa tunaomba TET na vyuo vitusikilize kwa makini. Kiswahili ni lugha ya silabi zilizo wazi, na mtoto anayeweza kulikata neno kwa makofi amekwisha kuanza safari ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini makofi hayo mara nyingi hupigwa vibaya. Neno “mtoto” lina makofi matatu: m-to-to. “Mkate” matatu: m-ka-te. “Mtu” mawili, “nchi” mawili, “nne” mawili. Ila “mbuzi” ni mawili tu, mbu-zi, na “ndizi” ni mawili, kwa sababu hapo m na n hazisimami peke yake. Mwalimu anayepiga “mto-to” kwa makofi mawili anamfundisha mtoto silabi isiyokuwepo kinywani mwake, na mtoto huyo akifika darasa la kwanza ataandika alichopigiwa. Ukurasa mmoja wa mifano ya namna hii katika kiongozi cha mwalimu ungetosha.

Mkazo nao. Maneno yetu huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: saMAki, mTOto, kiTAbu. Tuni nyingi zinazotumika madarasani zimeazimwa kutoka nyimbo za Kiingereza, na pigo lao zito huangukia mahali pengine, hivyo mtoto huimba “samaKII”, “kitaBUU”. Kwa mtoto aliyezaliwa mjini na Kiswahili mdomoni hilo linapita. Kwa mtoto anayekutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza shuleni, kule ambako nyumbani ni Kisukuma, Kigogo au Kimaasai, wimbo ndio mwalimu wake wa matamshi, na unamdanganya. Jaribio ni jepesi: sema maneno ya wimbo kwa kawaida huku ukipiga mapigo ya tuni yake. Pale pigo zito na mkazo vinapoachana, badilisha neno au badilisha tuni. Tunaomba kila wimbo unaochapwa kwa ajili ya madarasa ya awali upitishwe kwenye jaribio hilo kabla ya kuingia kitabuni. Tunaomba pia itamkwe wazi kwamba wimbo wa mchezo au wa kubembeleza kwa lugha ya nyumbani unaruhusiwa darasani, ukisindikizwa na maelezo ya Kiswahili. Walimu wengi wanaogopa kufanya hivyo, na mtoto anapoteza wimbo pekee ambao angeuongoza yeye mbele ya wenzake.

Nyimbo za kuhesabu na za irabu zinahitaji neno lake, maana ndizo huonyeshwa kwa wageni. Darasa likiimba moja hadi kumi bila kukosea, mgeni hupiga makofi na kuandika kwamba watoto wanajua kuhesabu. Simamisheni wimbo kwenye sita, mpeni mtoto vizibo 10, na mwambieni aweke sita mezani. Wengi watamimina vyote. Walichojua ni mlolongo wa maneno, kama vile mtu anavyoweza kushika dua bila kuijua lugha yake. Wimbo wa kuhesabu hufanya kazi pale unapobeba vitu: watoto 5 wamekaa kwenye benchi, kila ubeti mmoja anaruka na kuondoka, darasa linatazama waliobaki, linanyamaza pigo 4, halafu ndipo linaimba idadi. Lile tulio la pigo 4 ndilo somo, kwa sababu ndimo mtoto anahesabu kweli. Irabu vivyo hivyo: kila sauti iimbwe kidole kikiwa kwenye herufi, na mpangilio ubadilishwe kila siku, o kabla ya a, u kabla ya i. Mlolongo ukiwa ule ule mwaka mzima, watoto wanakumbuka tuni tu.

Mnajua kwamba mwongozo ni mwalimu 1 kwa watoto 25, na mnajua madarasa yalivyo. Njia zote tulizozieleza zinawezekana kwa watoto 80, ila kwa mpango. Wagawanywe makundi manne. Kundi moja linaimba kiitikio, la pili linapiga mapigo mapajani, la tatu linacheza kitendo, la nne linasikiliza na kusema mwishoni limesikia nini. Kila ubeti, mzunguko. Wote 80 wasiimbe pamoja zaidi ya mara 2 katika kipindi cha dakika 20. Na makofi yapigwe mapajani badala ya viganja, la sivyo chumba cha saruji na bati tupu bila dari kitarudisha kila kofi na hakuna atakayemsikia mwenzake. Mkitoka nje chini ya mti ulio karibu na ukuta, mwalimu akae mgongo ukutani na watoto wamzunguke kwa nusu duara karibu yake, ili ukuta uwarudishie sauti. Katikati ya uwanja sauti hupotea na watoto hurudia kupayuka. Mvua ikinyesha juu ya bati, msishindane nayo. Huo ni wakati wa wimbo wa vitendo bila sauti, ambapo watoto wanauimba moyoni na mikono inaonyesha wamefika wapi. Wakimaliza pamoja, mapigo yameingia.

Ala zimejaa vijijini na mijini, na hazihitaji zabuni. Kayamba za chupa za plastiki za nusu lita: jaza robo tu, maana ikijaa zaidi hailii. Mchele na mchanga hutoa sauti laini, mahindi na kokoto ndogo kali. Nafaka hubunguliwa baada ya miezi michache, na vumbi lake hutoka kila chupa inapotikiswa, kwa hiyo kokoto zilizooshwa ni bora. Kifuniko kifungwe kwa gundi kisha kizungushiwe utepe wa plastiki mara 3, kwa sababu mtoto wa miaka 4 ataifungua, na harage moja puani ni safari ya hospitali. Msitumie kamwe mbegu za mbono wala zile turituri nyekundu zenye doa jeusi, kwa uzuri wake wote. Ni sumu. Vijiti vya kugonga vikatwe kwenye ufito mgumu, urefu sentimita 20, unene wa kidole gumba cha mtu mzima, ncha zipigwe msasa, na ukikata jozi 20 zinatosha darasa zima kwa zamu. Vizibo vya soda vya kuning'iniza kwenye waya vipondwe bapa kwanza hadi makali yote yalale, na ncha za waya zikunjwe ndani. Madumu ya lita 20 ni ngoma nzuri, lakini yawe 3, si 15, na yapigwe kwa kiganja. Kipimo cha kelele ni hiki: ikiwa mwalimu analazimika kupaza sauti ili mtoto aliye hatua moja mbele yake amsikie, ala zimezidi.

Ala zigawiwe mwisho, baada ya maelekezo yote. Ukishampa mtoto kayamba, maneno yako yamekwisha. Na kabla hazijagawiwa, ishara ya kusimama iwe imefundishwa kwa mikono mitupu: kiganja kikienda juu, kimya. Mchezo huu wa kupiga na kusimama, wa haraka na polepole, wa kelele na mnong'ono, una faida kubwa kuliko inavyoonekana, maana humzoeza mtoto kujizuia, na mtoto anayeweza kujizuia ndiye anayeweza kusubiri zamu na kumaliza maelekezo.

Kuhusu redio na spika ndogo tutasema kifupi. Muziki wa watu wazima ukifunguliwa darasani, watoto hucheza, hawaimbi, kwa kuwa ufunguo wake si wao na mwendo si wao. Kukataza nyimbo zenye maneno yasiyofaa kwenye mahafali ni sawa kabisa, lakini katazo halimpi mwalimu wimbo wa kuweka mahali pake.

Wapo watoto wasioimba. Mtoto anayekaa kimya mwezi mzima, huku macho yake yakifuata kila kitu, anajifunza, na mara nyingi mama yake atawaambia kwamba nyumbani anaimba wimbo wote. Asilazimishwe mbele ya wenzake. Lakini yule anayefanya kila kitendo nusu sekunde baada ya jirani yake, anayetazama midomo, anayeanza vizuri asipokuwa amekupa mgongo tu, huyo apelekwe kupimwa masikio. Maambukizi ya sikio la kati ni ya kawaida katika umri huu na hupunguza usikivu taratibu, bila maumivu yoyote kwa baadhi ya watoto. Kipindi cha muziki ni mahali pazuri pa kuligundua, endapo mwalimu ameambiwa atazame nini. Kwa mtoto kiziwi, dumu lililolazwa sakafuni na kiganja chake juu yake humpa mapigo, naye huwa mshika mwendo mzuri.

Sasa maombi yetu. Vyuo vya ualimu viwape wanafunzi wa elimu ya awali saa za kuimbisha kwa vitendo, na mtihani wake uwe kumsimamisha mwanachuo mbele ya watoto halisi afundishe wimbo mmoja mpya kwa dakika 10. Insha juu ya umuhimu wa nyimbo haipimi kitu. Chuo cha Ualimu Butimba kimekuwa na walimu wa sanaa, na TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iko Bagamoyo. Kwa hiyo wakufunzi wapo. Kwa walio kazini, MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) na Jumuiya za Ujifunzaji ni njia tayari: kikao kimoja kwa mwezi, walimu wakiimbishana wao kwa wao.

Wathibiti ubora, katika ukaguzi wenu tunaomba msiandike tena “watoto wanaimba kwa uchangamfu” na kuishia hapo. Andikeni kama wimbo ulianzia mahali sauti ya mtoto inapofika, kama mwalimu alinyamaza hata mara moja akasikiliza, na kama wimbo uliposimamishwa katikati watoto walijua walichokuwa wanakiimba. Maafisa elimu, msiwatoe watoto wa awali vipindini wiki nzima kwa mazoezi ya kumpokea kiongozi.

Na TET, tunawaomba sauti. Wimbo ulioandikwa maneno tu kitabuni huimbwa kwa tuni tofauti kila kata, au hauimbwi. Rekodini nyimbo 40, kwa sauti ya mwanamke au ya watoto, katika ufunguo wa D, bila kinanda wala ngoma nyuma yake, kila wimbo mara mbili: mara ya kwanza kiongozi na waitikiaji, mara ya pili kiongozi peke yake na nafasi tupu kwa ajili ya watoto. Wimbo ukiwa wa dakika 2 kwa jumla, zote 40 katika ubora wa kilobiti 128 ni kama megabaiti 80. Zinaingia kwenye kadi ya kumbukumbu ndogo kuliko zote zinazouzwa dukani, zinaweza kuwekwa kwenye Maktaba Mtandao yenu, na mwalimu wa shule shikizi isiyo na mtandao anaweza kurushiwa kutoka simu hadi simu siku ya kikao cha kata. Tungependa ziwe zimefika madarasani kabla ya muhula wa Januari, kwa sababu wiki 6 za kwanza za mwaka ndizo mtoto anapojifunza kuitoa ile sauti ya nne.

Tuko tayari kusaidia kuchagua nyimbo, kupima mkazo wa maneno na kukaa studio bila malipo.

Tunaomba kuwasilisha.

Walimu wa elimu ya awali na walimu wa muziki